Tisa, si Sita

Siki niliijua kwa kachumbari tu,
kijiko kimoja juu ya nyanya na kitunguu,
mpaka siku ile Mawenzi, nyuma ya pazia la kijani,
nilipolala miguu juu, nikihesabu misumari ya dari.
"Ni siki, dada," muuguzi akasema. "Itakuwa ya baridi.
Tunasubiri dakika moja."

Dakika moja, ndefu
kuliko foleni ya maji ya mwezi wa kwanza.

Kisha akanyamaza.
Akasogeza taa. Akanyamaza tena.
"Kuna weupe. Si lazima uwe ugonjwa.
Ila ni mpana kwa mashine yetu ya hapa.
Inabidi uende wakachukue kinyama kidogo, kipimwe."

Weupe.
Msiniambie kama theluji ya Kibo.
Theluji tunaipenda, tunasikitika inavyopungua.
Huu nilitaka uyeyuke usiku uleule.

Akaniomba namba ya simu.
Nikaitaja yote sawasawa hadi mwisho,
pale penye tisa nikasema sita.
Sikupanga. Ulimi ulikwepa wenyewe
kama mtu anavyovuka barabara akimwona anayemdai.

Kadi nikaitia kwenye kopo la magadi,
kopo ambalo Kiwelu hajalifungua tangu anioe.

Ukapita msimu wa kahawa,
ikapita ada ya shule, zamu yangu ya kikoba,
kipaimara cha Ndeshi na mbuzi wake.
Kila jambo lilikuwa sababu,
na kila sababu niliishukuru.
Sikuumwa popote. Hapo ndipo niliponaswa:
mwili ulikaa kimya, nami kimya kile nikakiita uzima.

Huku nyuma, kwenye ile sita,
muuza mkaa wa Himo alipigiwa mara nne.
"Mama, mimi si Aikande," alisema mwishowe,
"lakini mtafute. Unavyomuulizia, si bure."

Muuguzi hakumweleza kitu.
Alikumbuka tu kwamba niliwahi kutaja mashuka.

Jumamosi, Kiborloni, marobota yamefunguliwa,
elfu mbili mbili zinapigiwa kelele,
mwanamke asiye na sare akashika shuka langu la maua,
akalinusa, akalikunjua, akapatana bei kwa ukali
kama mteja kweli.
Nilipoinama kumtafutia la pili
akainama nami, mdomo karibu na sikio:
"Ile ya mwisho. Sita, au tisa?"

Nikacheka. Halafu kicheko kikanikwama.
Machozi yakadondokea mashuka ya watu wa Ulaya.
Akalipa. Hakudai chenji.

Usiku huo nililiweka kopo mezani, sikusema neno.
Kiwelu akafungua, akapukuta magadi kwenye kadi,
akaisoma kwa mbali, bila miwani.
Nilingoja aulize nimeupata wapi, kwa nani.
Akauliza: "Tarehe hii si imeshapita?
Kesho tunatoka saa ngapi?"

Kinyama kikaenda maabara. Wiki tatu,
nikawa naunguza hata chai.
"Haijawa saratani," daktari alisema. "Ilikuwa njiani."
Wakaikata kwa waya mwembamba wenye umeme.
Nikasikia harufu kama ya nywele zilizopitiwa na pasi.
"Usiogope, mama, ni moshi kidogo tu."
Nikataka kumjibu, Moshi ndipo nilipozaliwa,
lakini ganzi, na woga, na aibu ya kucheka pale.

Leo ni mwaka. Nimerudi kuangaliwa,
kwa maana kupona nako kuna tarehe zake.
Mezani yupo kijana mgeni, kalamu inamgomea.
"Namba ya simu?"
Namtajia polepole, moja moja,
kama mtu anayehesabu vifaranga jioni.
Tisa.
Hapana, mwanangu, usifunge daftari.
Hebu nisomee ulichoandika.